Kocha Aliyekuja Kuposa

Yule kocha wa kwanza alivua viatu mlangoni kabla ya kuambiwa, na kwa hilo tu akatupata. Laiti angeingia na matope yake yote.

Ilikuwa Januari, Adelphi, kitongoji kimoja karibu na Washington, theluji ya juzi imeshageuka uji mchafu kwenye maegesho. Alipanda ngazi mpaka ghorofa yetu ya tatu bila kuhema, mtu mrefu, shati limenyooka, tabasamu limenyooka zaidi. Alikuwa kocha mkuu wa mpira wa Kimarekani, ule wa kugongana na kuangushana, katika chuo kikuu kimoja ambacho sitakitaja kwa sababu sitaki kukipa hata heshima ya kutukanwa. Alimfuata mwanangu, mtoto wangu wa pekee, aliyekuwa mwaka wa mwisho wa sekondari. Mungu alimpa mabega ya kuziba mlango, na kumbe kuna watu wazima wenye mishahara minono wanaozunguka majira yote ya baridi, Rockville, Columbia, kote huku, wakitafuta watoto wenye mabega kama hayo. Wenyeji wanayajua mambo haya. Sisi hatukuyajua.

Mimi ni mtu wa Tanga, mume wangu ni wa Mombasa. Kwetu, mtu akija nyumbani kukuomba mtoto wako ana namna yake ya kupokewa, nayo ni posa. Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, anayekaa Rockville na kujiona ndiye katiba ya ukoo, alipiga simu mara alipopata habari.

"Mtu haji kuomba mtoto akakuta mama na baba peke yao kama waliotupwa," alisema. "Nakuja. Na mshenga yuko wapi?"

Mshenga tukampata. Rafiki yetu mmoja wa Columbia, Mmarekani mweusi, mwalimu, alijifunza Kiswahili chuoni akakishika mpaka akawa anatusahihisha sisi wenyewe kwenye harusi. Ujanani aliwahi kuucheza mpira huo. Tukamkalisha katikati, kocha huku, sisi huku, maneno yapite kwake.

Basi tukamhoji kocha kama mchumba. Wazazi wako hai? Umetoka kwa watu gani? Unakunywa? Nyumbani kwako kuna amani? Mtu yule alijibu kila swali kwa adabu, mikono juu ya magoti. Alisema mamake alimlea peke yake kwa kufagia ofisi za watu, na wifi yangu akatoa kitambaa akapangusa macho. Alikula pilau kwa mkono, akaomba tena. Mwanangu alikuwa amekaa pembeni na suti iliyombana, anaona aibu mpaka masikio.

Mimi nilisema jambo moja tu siku ile. Nilimwambia mshenga amwambie kwamba mpira siujui na mguu ukivunjika utaungwa, lakini mtoto huyu nimemlea awe mtu wa kauli yake. Akisema ndiyo iwe ndiyo. Hicho ndicho ninachokiogopea, kisiharibike mikononi mwa watu. Kocha aliweka mkono kifuani. Mshenga akatafsiri, "Anasema atamchukua kama mwanawe wa kumzaa."

Halafu mshenga, kwa Kiswahili, sauti ya chini, akatuambia, "Muulizeni mkataba wake unaisha lini. Hawa watu huhama."

Wifi alimkata kabla hajamaliza. "Astaghfirullah! Mchumba huulizwa atamwacha mtoto wako lini?"

Tulicheka sote. Kocha naye akacheka, bila kujua anachekea nini. Mume wangu alipomshika mkono wa kuagana alimwambia maneno ambayo wazee wetu waliwaambia masheikh walipowapelekea watoto madrasa: nyama yako, mifupa yangu, yaani mchape umfundishe, ila nirudishie mtoto wangu. Mtu yule aliichukua nyama, nakiri.

Misimu miwili alikaa na mwanangu. Tulikuwa tukienda kumtazama, wifi kajifunga khanga juu ya koti, midomo imepauka kwa baridi, tunapigia kelele mchezo tusiouelewa. Mwanangu alisimama mstari wa mbele, pamoja na yale majitu yanayosukumana ili mwingine apate sifa. Mwaka wa kwanza walifungwa sana. Mwaka wa pili wakaanza kushinda, na mimi mjinga nikafurahi. Sikujua kwamba kushinda ndiko kungetuletea balaa. Timu ikifungwa, kocha hufukuzwa. Ikishinda, kocha huchukuliwa na chuo kikubwa zaidi. Kwa vyovyote vile haonekani tena, na watoto aliokula viapo juu yao wanabaki wamesimama uwanjani kama mabwege.

Aliondoka kabla ya mechi ya mwisho. Hakusubiri hata hiyo moja. Vijana waliisoma habari kwenye simu zao wakiwa wanapata chakula cha mchana, na ilipofika jioni picha yake ilikuwa imeshazagaa, kavaa kofia ya rangi nyingine, tabasamu lilelile. Aliwapigia simu wachezaji aliotaka kuondoka nao, mrusha mpira na wakimbiaji wake. Mwanangu alikaa na simu mkononi. Mimi nami, huku Adelphi, nilikaa na yangu, nikiamini kwamba mtu aliyekula kwangu hawezi kuondoka bila kuaga. Hakupiga. Sijapata kuona dharau kama ile, na nimefanya kazi hotelini miaka mingi.

Kocha wa pili alikuja na watu wake. Siku hizi, mchezaji wa chuo akitaka kuhama anajiandikisha mtandaoni, makocha wanamchagua kama nyanya sokoni. Huyu wa pili alichagua wanaume wazima wenye ndevu, waliokwisha kucheza vyuo viwili vitatu, akawapanga kwenye nafasi za watoto aliowakuta. Mwanangu akaambiwa ni mzito kwa mchezo mpya, ajiandikishe naye atafute pengine. Akajiandikisha. Hakuna chuo kilichomwita. Akarudi nyumbani na mabegi yake wakati wa likizo ya machipuko, akalala kwenye kitanda chake cha utotoni, miguu imening'inia.

Wifi yangu alipomwona alikunja uso. "Amerudishwa," alisema. Kwetu neno hilo ni zito. Binti akirudishwa na mumewe, hukai kimya. Unakusanya watu, mnakwenda kwa wakwe kuuliza kosa lake ni nini.

Tukaenda. Nani mwingine katika Amerika nzima angefanya upuuzi huo? Wifi, mume wangu, mimi na mshenga wetu wa Columbia, tumejazana garini na mwanangu nyuma akitusihi tugeuze. "Mama, please, mnani-embarrass," alisema njia nzima. Tulikuwa na sahani ya visheti vilivyofunikwa, kwa maana mkono mtupu haulambwi.

Kocha wa pili alikuwa mfupi, anatafuna ubani wa kizungu, macho yake hayatulii. Alitupokea kwa sababu katibu wake alishindwa kutuzuia. Mshenga akaeleza: tulipewa ahadi, mtoto alichukuliwa kwa heshima, sasa amerudishwa bila kosa. Yule mtu akasikiliza, akasema, "Mimi sikuwemo chumbani mlipoahidiwa. Mimi nimeletwa kushinda."

Ulikuwa ukweli mtupu. Sijapata kumchukia mtu kwa kusema ukweli kama nilivyomchukia yule. Mwenzake alitudanganya lakini alituona. Huyu alitutazama kama mizigo iliyosahauliwa na mpangaji aliyehama.

Mara akauliza kitu. Alitaka kujua kama familia zote za watu wetu hufanya hivi, shangazi kuja, mtu wa katikati, sahani. Wifi yangu, Mungu amsamehe, akaona ameheshimiwa. Akamtolea mhadhara. Akamwambia mgeni mwenye akili huvua viatu, humsalimia mkubwa kwanza, huja na kitu mkononi, hukubali chakula, huulizia wazazi kabla ya kuulizia mtoto, na akitaka kuaminiwa huzungumza na mama na shangazi, wala hababaiki na baba. Mshenga alikuwa akitafsiri polepole, na nilimwona usoni kwamba hapendi anachokifanya. Kocha aliacha kutafuna. Akachukua kisheti kimoja akala, akatoa shukrani, kisha akamwita mwanangu ndani.

Alimpa kazi. Asicheze tena, lakini abaki chuoni, alipiwe masomo, na afanye kazi katika ofisi ya usajili. Majumba ya wahamiaji kuzunguka Washington, alisema, yamejaa vijana wakubwa ambao vyuo vingine havijui namna ya kuingia kwao. Mwanangu angejua.

Wifi alirudi akiimba garini. Alidhani tumeshinda kesi. Mwanangu hakuimba, hakulia. Afadhali angelia. Alikuwa na miaka ishirini na mpira wake umekwisha, naye anatazama nje, anafikiri. Nilijiambia angalau atasoma, atamaliza. Na kweli alimaliza, wakamwajiri moja kwa moja.

Hapo ndipo alipoanza kunipigia simu kwa Kiswahili. Mtoto huyu nilimsemesha Kiswahili tangu yuko mgongoni, naye akanijibu Kiingereza maisha yake yote. Niliomba, nilifoka, nilimnyima chakula siku nyingine, ikawa kama kumpigia mbuzi gitaa. Sasa ghafla, "Mama, mtu akifiwa mnasemaje?" "Mama, shikamoo naanza kwa nani?" "Mama, Wakongo wanapenda kuitwaje?" Nilimfundisha kila kitu. Nilidhani anarudi kwangu. Kumbe alikuwa akichonga ufunguo.

Timu yao ikashinda. Ikashinda kuliko wakati wa yule wa kwanza, na watu wakasema kocha mpya ana akili za ajabu. Akili gani? Nusu yake ni wanaume wenye ndevu aliowachukua kwa wenzake, nusu nyingine ni watoto wetu walioletwa na mwanangu. Kwenye nyama choma moja huko Columbia kijana wa Nairobi alinipiga bega kwa furaha. "Mathe, kijana wako ni noma! Ana-recruit kama network ya simu, kila mahali iko." Mume wangu akatabasamu mpaka magego yakaonekana. Mume wangu, nieleze na hili, mpaka leo huangalia mechi za yule kocha wa kwanza kwenye televisheni na kumshangilia, eti alikula kwetu. Nimemwambia siku nikifa asinizike yeye.

Majira ya baridi yaliyopita, siku ya Alhamisi, mwanangu alikuja nyumbani mchana. Nilikuwa nakata mchicha. Akaegemea friji, akasema yule kocha wa kwanza amempigia simu. Amempa cheo, kocha msaidizi, msimamizi wa usajili wote wa pwani ya mashariki. Amekubali.

"Yupi?" nikamuuliza, ingawa nilisikia vizuri.

"Mama, usi-take personal. It's business."

"Aliyekuacha na simu mkononi?"

"Alinifundisha mengi," alisema, na alimaanisha. Hakukuwa na kejeli usoni mwake. Alimsamehe kwa jinsi fundi anavyomsamehe fundi mwenzake.

Nikamuuliza anaondoka lini. Akasema baada ya watoto wa mwaka huu kusaini karatasi za kujifunga na chuo, ndipo itatangazwa. Mpaka hapo ataendelea na kazi kama kawaida. Nisimwambie mtu.

"Na hao watakaosaini kwa sababu yako?"

Alichukua jani la mchicha akalichezea vidoleni. "Mama, everybody does it." Niliweka kisu chini.

Jumamosi yake akaja kwenye majengo yetu tena, lakini si kwangu. Alikuja ghorofa ya chini, kwa mama mmoja Mkongo, mtu wa Bukavu, mjane, mwenye kijana mkubwa kuliko mwanangu alivyokuwa. Mama yule ni jirani yangu wa kufua nguo pamoja, wa kupeana chumvi. Alitualika mimi na mume wangu tukae naye, maana hana ndugu huku, na maana anayekuja kumwomba mtoto ni mwanetu. Nilikwenda. Ningekataa kwa sababu gani ya kusema mbele za watu?

Mwanangu aliingia na kitenge kimefungwa kwenye karatasi nzuri. Akamwinamia yule mama. Akamuulizia wazazi wake walioko Bukavu, akasema pole kwa marehemu mume kana kwamba alimjua. Alizungumza Kiswahili kizuri, chenye mapozi yangu, kicheko changu, hata namna yangu ya kushika kidevu ninapotaka kuaminiwa. Akasema, "Mama, huyu ni mdogo wangu sasa. Akilala njaa mimi sili. Nitakuwa naye kila siku." Kijana wa watu alikuwa amemkodolea macho kama anayemtazama malaika.

Yule mama akanigeukia. Macho yamejaa machozi. "Mama, we njo mama yake. Mutu anajua mutoto wake. Tumuamini?"

Mume wangu alinishika kiwiko. Mwanangu alinitazama, na macho yake hayakuwa na hofu hata kidogo. Alijua mama hamchongei mwanawe.

"Usimwamini," nikasema. "Anahama. Ameniambia juzi kwa mdomo wake. Mtoto wako akifika huko hatamkuta."

Mwanangu akacheka, kicheko cha upole, akaweka mkono kifuani.

"Mama yangu hapendi nikiwa mbali," akawaambia. "Kila mwaka anasema hivyo ili nirudi nyumbani. Mnajua mama zetu."

Wakacheka. Yule mama wa Bukavu akacheka kwa nguvu kuliko wote, kwa ahueni, akanipiga paja. Nikasema tena, nikasema kwa sauti, na safari hii hawakucheka. Walinitazama kama mtu aliyelewa msibani. Mume wangu alinitoa nje akiomba radhi. Kabla ya jua kuzama wifi alikuwa ameshapiga simu kutoka Rockville. "Mwanamke unamchongea mtoto wako mwenyewe? Ni kijicho gani hicho?" Nikamwambia somo lake alilotoa na visheti limezaa matunda, aje ayachume. Hatujazungumza tangu hapo.

Kijana akasaini. Wiki chache baadaye picha ya mwanangu ikatoka, kavaa kofia ya rangi nyingine. Kama alivyopanga, watoto wote walikuwa wameshafungwa kwa saini zao. Nilimtumia ujumbe mmoja tu, kwamba nilimkabidhi mtu mtoto na sasa naona amemaliza kumlea. Hakujibu. Nilipopiga, hakupokea, na baadaye simu yangu ikawa haiiti kabisa. Kwangu hajakanyaga tena. Baba yake hukutana naye mikahawani, akirudi anajifanya ametoka sokoni.

Jirani yangu naye alinikwepa miezi yote hiyo. Tukikutana kwenye ngazi aligeuzia uso ukutani. Nadhani aliona haya, na haya ikageuka hasira, na hasira ikawa rahisi kunielekezea mimi niliyekuwa karibu.

Oktoba hii alibisha mlango. Alikuwa amevaa sare ya kazi, viatu hajafunga kamba. Nikamkaribisha, hakutaka kuketi. Mtoto wake ameumia bega mazoezini, alisema, hawezi kuinua mkono. Wanamwambia asubiri, asubiri. Makocha aliowakuta huko hawajui hata jina lake, wanamwita kwa namba. Yeye mwenyewe amepiga simu chuoni kila siku, lakini anapitishwa kutoka mtu mmoja kwenda mwingine, na Kiingereza chake kinamwishia njiani.

"Kila mutu anasema si kazi yake," akasema. "Mama, sasa tumupigie nani?"

Nilifungua simu yangu, nikamsomea namba ya mwanangu. Akaiingiza kwenye yake kidole kimoja kimoja. Nikamwambia ajaribu yeye, huenda akapokea. Namba yangu ameifungia.